Dawa Mpya, Mwili Ule Ule

Kibera na Kawangware jijini Nairobi, dawa ya mgonjwa wa skizofrenia hubadilishwa mara nyingi kabla ya daktari kujua. Hubadilishwa siku dirisha la famasia linapofunguliwa na mgonjwa akaambiwa ile yake haipo, achukue hii. Hubadilishwa nauli inapokosekana, au kemisti wa kona anapotoa alicho nacho. Wakati mwingine ni jirani mwema tu, aliyebakiwa na vidonge vya ndugu yake na hataki viharibike bure.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Nimestaafu na naishi Kawangware, lakini bado nazunguka na wahudumu wa afya ya jamii katika ploti za Gatina na Congo, na kule Kibera katika vijiji vya Lindi, Gatwekera na Laini Saba. Ninachotaka kieleweke ni kwamba kubadilisha dawa ya akili ni matibabu kamili. Kuna sababu yake, kuna mpango wake, na kuna siku inapotakiwa kumalizika. Walioumia zaidi mbele ya macho yangu ni wale waliobadilishiwa dawa na hakuna aliyewaambia kwamba imebadilishwa.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba skizofrenia humpata takriban mtu mmoja kati ya 300. Huanza zaidi ujanani, wakati ambapo kijana ndiye tegemeo la nyumba. Anasikia sauti ambazo wengine hawasikii, anaamini anafuatwa au anaongelewa, anajitenga, mawazo yanamvurugika. Hospitali ya akili ya Mathari, hapa Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1910, na kwa zaidi ya miaka 40 haikuwa na dawa hata moja ya kutuliza hali hiyo, kwa kuwa haikuwapo popote duniani. Ya kwanza, klorpromazini, ambayo wazee wa kazi yetu bado wanaiita Largactil, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili jijini Paris mwaka 1952. Haloperidoli ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1958, katika maabara ya Paul Janssen. Miaka ya tisini zikaja risperidoni na olanzapini. Zote hizo hufanya kazi kwa kupunguza nguvu ya dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kutoka seli moja ya ubongo hadi nyingine. Shida ni kwamba dopamini hiyo hiyo ndiyo inayosaidia viungo kwenda vizuri na homoni kukaa mahali pake. Ukiizima sana, mwili utalipa.

Nikiingia nyumba yenye mgonjwa, naomba daftari la kliniki kabla ya kuuliza lolote. Ni lile daftari la shule la kawaida ambalo mgonjwa hununua mwenyewe, likafungwa kwa karatasi ya nailoni lisilowe na mvua. Nilikuwa nalo moja mkononi kule Lindi, la kijana fundi wa viatu anayefanya kazi soko la Toi. Ukurasa wa kwanza, mwandiko wa wino wa buluu: haloperidoli miligramu 5 asubuhi na jioni, na Artane ya kupunguza ukakamavu. Kurasa mbili mbele, mwandiko mwingine: klorpromazini usiku, bila neno lolote kuhusu ile haloperidoli. Je, imesimamishwa, au amezidishiwa? Mbele tena, mtu wa tatu ameandika kwa kifupi kwamba aendelee na dawa zake. Zipi? Mama yake alikuwa anampa zote, kwa sababu hakuna aliyemwambia asimpe.

Hali ya kijana ilikuwa imezidi kuwa ngumu. Usiku hakai. Chumba chao ni kile cha mabati cha futi kumi kwa kumi, wanalala humo watu wanne, hivyo hana pa kutembea ila nje. Saa nane za usiku anazunguka kwenye vichochoro, mahali ambapo kijana anayeonekana anazurura anaweza kuitiwa mwizi, na sote tunajua mwisho wake. Mama akaona ugonjwa umerudi. Kliniki moja nayo ikaona hivyo hivyo, ikamwongezea haloperidoli. Akazidi kutembea.

Nilimketisha kwenye stuli mlangoni nikamtazama miguu. Visigino havikutulia hata kidogo, alibadilisha mkao, akasimama, akakaa. Nikamuuliza kama anasikia sauti. Akasema, "Sauti zimepungua, sista. Ni miguu. Miguu inachemka ndani, nikiketi nasikia kama nitapasuka." Kisha akanionyesha mikono. Tangu aongezewe dawa, uzi ulikuwa hauingii kwenye sindano ya kushonea soli. Vidole vimekakamaa na vinatetemeka, na fundi wa viatu asiyeweza kutia uzi hana kazi.

Hiyo ya miguu ni dhara la dawa linalojulikana vizuri sana, na ndilo linalosingiziwa ugonjwa kuliko mengine yote. Ukiliongezea dawa unalimwagia petroli. Kinachotakiwa ni kupunguza dozi, au kumpa dawa ya kutuliza ule mchemko kama propranololi, au kuhama kabisa kwenda dawa nyingine. Mgonjwa mwenyewe ndiye anayeweza kulieleza, akiulizwa. Naomba kila mzazi anayesoma hapa akumbuke swali hilo: mwanangu, ni kichwa kinakusumbua au ni mwili?

Yako madhara mengine yanayotisha zaidi kwa macho. Kijana anaweza kuchomwa sindano ya haloperidoli leo, na kesho shingo ikapinda upande, ulimi ukatoka, macho yakapanda juu yakakwama huko. Gatwekera nilikuta watu wamemzunguka mmoja wanakemea mapepo. Dhara hilo huondoka kwa sindano au vidonge vya kundi la Artane, au Phenergan, mara nyingi ndani ya saa moja. Maombi sina ugomvi nayo, mimi mwenyewe naomba. Lakini mtu aliyepinda shingo siku mbili baada ya sindano apelekwe kwanza kwa aliyemchoma.

Yule fundi tulimrudisha kliniki, mimi na mama yake, na daktari akakubali kumhamishia risperidoni. Hapa ndipo watu wengi hukosea wakidhani ni kuacha hii leo na kuanza ile kesho. Kuna wakati inawezekana hivyo, na daktari huwa na sababu zake, kwa mfano dhara likiwa kali. Lakini kwa mgonjwa anayeishi nyumbani, njia inayotumika sana ni ya kupishanisha: ya zamani inashushwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa huku mpya ikipandishwa. Ni sawa na wabeba mizigo wawili wanaopokezana gunia, wa kwanza haachii mpaka wa pili ameshika. Artane nayo haikatwi siku moja na ile ya zamani. Ikikatwa ghafla, mgonjwa anaweza kupata kichefuchefu, kukosa usingizi na kutetemeka, na lawama zote zitaangukia dawa mpya isiyo na hatia. Hushushwa mwisho, dawa ya zamani ikishatoka mwilini.

Tuliandika kwenye daftari lake, ukurasa mmoja mzima, wiki baada ya wiki: kipi asubuhi, kipi usiku, lini kipunguzwe, lini kiishe. Wiki ya kwanza alilala sana, tukahamisha dawa yote iwe ya usiku. Miguu ndiyo iliyotulia kwanza. Mikono ilichelewa.

Kisha likaja jambo ambalo nimeliona nyumba nyingi. Katikati ya safari, akiwa bado anakunywa dawa zote mbili, kijana akapata nafuu nzuri. Mama akaniambia, "Sista, si tumwache tu na zote mbili? Ameshapoa, tusichokoze." Namwelewa. Mtu aliyemfukuzia mwanawe usiku kwenye matope hataki kugusa chochote kinachoonekana kufanya kazi. Lakini hapo ndipo watu hunasa, na wengine hubaki na dawa mbili miaka na miaka, madhara ya mbili, gharama ya mbili, na hakuna ajuaye ni ipi inayomsaidia. Tukamaliza mpango kama ulivyoandikwa. Alipokuja kunionyesha kiatu alichoshona mwenyewe, nilitazama mishono kwanza kabla ya uso, na ilikuwa imenyooka.

Sasa nizungumzie sindano ya mwezi, kwa maana ndiyo inayonikosesha usingizi. Flufenazini, au Modecate kama wengi wanavyoijua, huchanganywa na mafuta na kuchomwa kwenye msuli, ikatoka polepole kwa wiki kadhaa. Kwa mgonjwa wa Kibera ina faida kubwa. Hakuna vidonge vya kufichwa wala kuibwa, na majirani hawaoni unakunywa nini. Mgonjwa wa kibarua anakuja kliniki mara moja kwa mwezi, akitoka hapo anashika njia ya reli kwa miguu hadi Industrial Area kutafuta kazi.

Siku sindano inapokosekana, mgonjwa hupewa vidonge vya kushikilia, vingine hata havinunui. Na hapo mwili unamdanganya. Dawa iliyobaki kwenye msuli inaendelea kutoka kwa wiki nyingi, kwa hiyo haumwi. Tena anajisikia vizuri kuliko zamani, kwa sababu dozi inaposhuka ukakamavu unapungua, uso unachangamka, anacheka na watoto wa ploti. Familia inashangilia. Mtu atasema amepona, mwingine atasimama kanisani kutoa ushuhuda. Vidonge vinawekwa juu ya kabati. Miezi miwili, mitatu, minne inapita, dawa inaisha kabisa mwilini, na siku sauti zinaporudi hakuna anayekumbuka sindano iliyokosekana wakati ule. Wanasema amerogwa, au amechokozwa na mwenye ploti. Ndiyo maana nasema kukosekana kwa sindano ni kubadilishiwa dawa, hata kama hakuna aliyeandika hivyo. Anayehamishwa kutoka sindano kwenda vidonge huanzishiwa vidonge tarehe ambayo sindano inayofuata ilipaswa kuchomwa, na afuatiliwe kwa miezi, hata akiwa mzima kabisa machoni pa watu.

Hatari ya kukaa bila dawa si ya kukisia. Mwaka 2012 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi uliounganisha majaribio 65 ya nchi mbalimbali. Katika mwaka mmoja hivi, ugonjwa uliwarudia 27 kati ya kila 100 walioendelea na dawa, na 64 kati ya kila 100 waliowekwa kwenye vidonge visivyo na dawa. Wapo basi wasiorudiwa, na hilo huwapa watu tumaini la kujaribu. Lakini nani ajuaye yeye ni wa kundi gani?

Wengine huniambia kwamba wagonjwa wetu ni wakaidi, wanaacha dawa kwa sababu hawakusoma. Marekani walifanya utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2005, wagonjwa 1,493, dawa bila malipo, madaktari wa kutosha. Kabla ya miezi 18 kwisha, asilimia 74 walikuwa wameiacha ile dawa ya kwanza waliyopewa. Baadhi haikuwasaidia, baadhi hawakuivumilia, wengi waliamua tu wenyewe. Olanzapini ndiyo iliyoachwa na wachache zaidi, na hiyo hiyo ndiyo iliyowanenepesha zaidi. Kwa hiyo mgonjwa wa Laini Saba anaposema dawa hii siiwezi, hana ukaidi wowote. Anasema walichosema Wamarekani wengi, ila yeye alikuwa na nauli ya kwenda na hakuwa na ya kurudi.

Kuna dada mmoja hapa Kawangware, anauza mboga karibu na steji ya 46. Risperidoni ilimtuliza vizuri, akarudi kwenye meza yake ya sukuma wiki. Kisha hedhi ikakatika, na maziwa yakaanza kutoka matitini bila mimba wala mtoto. Hakumwambia mtu. Mama mkwe alipoona nguo imelowa, alihesabu miezi ambayo mume yuko safari akafikia hukumu yake. Dada akaacha dawa ili aokoe ndoa. Risperidoni, kama haloperidoli, huweza kupandisha prolaktini, homoni ile ile inayoleta maziwa kwa aliyejifungua. Kwa wanaume huweza kumaliza nguvu na hamu ya tendo la ndoa, nao vilevile huacha dawa kimya kimya badala ya kusema. Tulikaa na mama mkwe nikamweleza haya yote, na kipimo cha mimba kikafanywa mbele yake. Daktari akamhamishia olanzapini, ambayo haina sana shida hiyo.

Olanzapini ina yake. Inaleta njaa, na simaanishi hamu ya kawaida ya chakula. "Nyanya, nakula ugali wa watoto," aliniambia kwa uchungu. Vitabu vya tiba vinasema hamu ya kula huongezeka, uzito hupanda, sukari na mafuta ya damu vipimwe. Havisemi mama afanye nini akiwa na unga wa kilo moja wa watu watano na dawa inayomwambia ale peke yake. Hili ni la kuulizwa kabla ya kuandika dawa: nyumbani mnakula mara ngapi? Kuna aripiprazoli, ambayo haipandishi prolaktini wala haileti njaa ya namna hiyo, na Shirika la Afya Duniani liliiongeza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2023. Kuipata kila mwezi, kwa bei ambayo muuza mboga anaiweza, ni jambo jingine. Tumeanza kumpishanisha nayo. Kwa siku za mwanzo imemfanya asitulie, na namfuatilia kwa karibu.

Wako ambao hakuna dawa iliyowafaa. Mgonjwa akitumia dawa mbili tofauti, kila moja kwa dozi ya kutosha na wiki sita hivi, bila nafuu ya maana, kuzungusha ya tatu na ya nne ni kupoteza miaka yake. Wakati huo inatakiwa klozapini. Mwaka 1988 ilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 268 walioshindikana. Waliopata nafuu kwa klozapini walikuwa asilimia 30, na kwa klorpromazini asilimia 4. Lakini inaweza kuua chembe nyeupe za damu. Ufini mwaka 1975 wagonjwa 8 walikufa kwa sababu hiyo, na ndiyo maana anayeianza hutolewa damu kila wiki kwa miezi ya mwanzo. Kutoka Kibera hadi Mathari, kando ya barabara ya Thika, ni gari mbili kwenda na mbili kurudi. Piga hesabu ya kila wiki.

Jambo la sigara nalitaja kwa haraka kwa kuwa halitajwi. Moshi wake hufanya ini limalize klozapini na olanzapini upesi. Anayevuta sana akiacha ghafla, dozi ile ile iliyokuwa inamtosha inageuka kuwa kubwa mno. Aseme kliniki kabla ya kuacha.

Serikali inayajua mengi ya haya. Kikosi kazi cha afya ya akili kilichoongozwa na Dkt. Frank Njenga kilitoa ripoti mwaka 2020, kikapendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya taifa. Sheria ya Afya ya Akili ikarekebishwa mwaka 2022, na sasa inampa mgonjwa haki ya kushiriki katika kupanga matibabu yake. Huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Ninachotaka kutoka Kaunti ya Nairobi hakihitaji tume nyingine. Dawa ya akili inapokosekana, famasia isitoe mbadala bila kumpigia aliyeiandika. Mgonjwa apewe karatasi inayosema ametolewa dawa gani, amewekwa ipi, kwa dozi gani na hadi lini. Na vituo vya karibu viwe na dawa nne au tano ambazo hazikatiki, kuliko orodha ndefu inayobadilika kila mwezi.

Waganga wa kienyeji na wachungaji nao wasiachwe nje. Prof. David Ndetei na wenzake waliwachunguza waganga wa Kibera, Kangemi na Kawangware, na kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2013. Watu wenye matatizo ya akili huenda kwao, tutake tusitake. Mimi huwaendea nikiwa na ombi moja tu: msiwaambie waache dawa. Wengi hukubali. Msaada mwingine mkubwa hutoka kwa wagonjwa wenyewe. Chama cha Users and Survivors of Psychiatry in Kenya kina vikundi jijini ambamo watu wenye maradhi ya akili hukutana na kusaidiana, na Shirika la Afya Duniani lilikitaja mwaka 2021 miongoni mwa mifano mizuri ya huduma ya jamii. Mtu aliyewahi kuchemka miguu akimweleza mwenzake jinsi ilivyotulia, anasikilizwa kuliko mimi.

Wiki hii nina ziara Gatina. Dada wa mboga amefika wiki ya tatu ya kupishanisha, olanzapini imeshuka nusu, na nitampima uzito na kiuno, kisha tutaangalia daftari pamoja na mama mkwe, ambaye siku hizi ndiye anayeweka alama kila usiku kidonge kikishamezwa. Tarehe ya kwisha kwa olanzapini imeandikwa. Sukari ya damu itapimwa kabla ya hapo.